Mkia wa sumaku wa Mshtarii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitaja kwamba sayari ya Mshtarii ina mkia naulizwa maswali yaleyale, na mengi ni maswali mazuri kabisa, kwa hiyo nimeyakusanya hapa nikayajibu moja moja. Msisitizo wangu uko kwenye safari ya chombo cha New Horizons mwaka 2007, kwa sababu hiyo ndo mara pekee binadamu ametuma mashine ikateremka ndani ya ule mkia hadi mbali kabisa, na mpaka leo haijarudiwa.

Mkia gani tena? Mshtarii si nyotamkia.

Kweli si nyotamkia, na huu mkia hauonekani kwa macho wala kwa darubini. Mshtarii ina sumaku kubwa kuliko ya sayari yoyote ya Jua letu, kwa jumla nguvu yake ni karibu mara 20,000 ya sumaku ya Dunia. Sumaku hiyo inajitengea eneo lake angani. Sasa Jua nalo halitulii, usiku na mchana linarusha mkondo wa protoni na elektroni tunaouita upepo wa Jua, spidi yake kama km 400 kwa sekunde, na huo upepo ukifika kwenye eneo la Mshtarii unashindwa kupita katikati, unazunguka pembeni. Upande unaotazama Jua eneo linabanwa. Upande wa pili, ule unaolipa Jua kisogo, linavutwa linarefuka sana, na huko ndani kuna mistari ya sumaku iliyonyooshwa pamoja na gesi yenye chaji, yaani plazma. Huo ndo mkia wa sumaku.

Urefu wake ni kiasi gani?

Unafika kwenye obiti ya Zohali. Yaani kutoka Mshtarii mpaka sayari inayofuata, zaidi ya km milioni 600. Hilo tulianza kulijua mwaka 1976, Pioneer 10 ilikuwa imeshaipita Mshtarii tangu Desemba 1973 na inaendelea na safari yake ya nje, halafu huko karibu na umbali wa obiti ya Zohali kifaa chake cha kupima upepo wa Jua kikaacha kuona upepo kwa karibu siku nzima. Upepo wa Jua hauzimiki hivihivi. Maelezo yaliyokaa sawa ni kwamba ule mkia ulipita juu ya chombo, na ndani ya mkia upepo hauingii.

Baadaye Voyager 2, mwaka 1981, ikiwa njiani kwenda Zohali, ikakutana na dalili zilezile zaidi ya mara moja. Kulikuwa hata na uwezekano kwamba Zohali yenyewe inaingia ndani ya mkia wa Mshtarii sayari hizo zikijipanga vizuri. Mimi hili jambo huwa linanisimamisha kila nikilifikiria, sayari moja kuoga ndani ya mkia wa sayari nyingine.

Wanasayansi wanautaja mkia huu kuwa ndo umbo moja lililoshikamana lililo kubwa kuliko yote katika mfumo wa Jua.

Dunia nayo ina mkia wa namna hii?

Inao. Ni mdogo zaidi, lakini unapita hata umbali wa Mwezi, na Mwezi huingia humo kila mwezi siku chache kabla na baada ya kuwa mpevu. Kwa hiyo ukitazama mwezi mpevu, unatazama kitu kilicho ndani ya mkia wa Dunia.

Basi tofauti ni ukubwa tu?

Hapana, na hapa ndo penye utamu wote, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Mkia wa Dunia unaendeshwa zaidi na upepo wa Jua. Upepo ukija na sumaku yake imeelekea vizuri, mistari ya sumaku ya mbele inakatika na kuungana na ya upepo, inaburutwa nyuma, inarundikana mkiani, halafu inakatika tena na kurudi kwa kishindo. James Dungey aliieleza hiyo mwaka 1961 na bado ndo msingi wa kuelewa hali ya anga karibu na Dunia.

Mshtarii ni habari nyingine. Ina mwezi unaoitwa Io, na Io imejaa volkeno. Inavutwa huku na Mshtarii, huku na miezi wenzake Europa na Ganymede, inakandamizwa na kuachiwa kila inapozunguka mpaka ndani inayeyuka. Volkeno zake ziligunduliwa mwaka 1979 kwenye picha za Voyager 1. Gesi ya salfa dioksaidi inayotoka huko nyingine inaponyoka, na kiasi kinachopotea kwenda kwenye eneo la sumaku la Mshtarii ni kama tani moja kwa kila sekunde. Tani moja! Kila sekunde, mwaka baada ya mwaka.

Hiyo gesi ikishagongwa na elektroni inavunjika kuwa ioni za salfa na oksijeni, na ikishakuwa na chaji haiko huru tena, inakamatwa na sumaku ya Mshtarii. Na Mshtarii inazunguka kwa kasi ya ajabu, siku yake nzima ni saa 9 na dakika 55 tu. Io yenyewe inakwenda km 17 kwa sekunde kwenye obiti yake, lakini ukiwa pale ilipo Io sumaku inazunguka na plazma yake kwa km 74 kwa sekunde, kwa hiyo ioni mpya inapozaliwa inanyakuliwa papo hapo na kuongezewa spidi. Halafu nguvu ya kuzunguka inaisukuma nje, nje, nje. Mwisho wake plazma yote inatandazwa kuwa diski nyembamba na pana sana kwenye usawa wa ikweta, na diski hiyo ndo inayoingia kwenye mkia.

Kwa hiyo mkia wa Mshtarii unalishwa kutoka ndani. Upepo wa Jua unatoa umbo la nje, hilo sikatai, ila chakula kinatoka Io na nguvu inatoka kwenye mzunguko wa sayari yenyewe. Mtu akielewa hilo moja tu, maswali mengine yote yanakuwa mepesi.

Na hiyo tani moja kila sekunde inaishia wapi? Si ingejaa?

Swali zuri sana, na ndo lililowafanya watu watamani kwenda kuangalia mkiani. Haiwezi kukaa humo milele, lazima itoke.

Njia inayotajwa zaidi ni hii. Mistari ya sumaku inayobeba plazma inavutwa nyuma mpaka inakuwa mirefu na myembamba. Vytenis Vasyliunas alieleza mwaka 1983 kwamba upande wa usiku, mahali ambapo hakuna tena upepo wa Jua wa kuisukuma irudi ndani, mistari hiyo inabanana, inakatika na kuungana upya, na kipande cha nje kinabaki peke yake na kuondoka na mzigo wake. Ni kama tone la maji kwenye mdomo wa bomba, linavimba, shingo inakonda, linadondoka. Hicho kipande kilichokatika kinaitwa plazmoidi. Kile kilichobaki kwenye sayari, kikiwa kimepunguziwa mzigo, kinarudi ndani kwa kasi.

Chombo cha Galileo, kilichozunguka Mshtarii kuanzia Desemba 1995 mpaka Septemba 2003, kiliona hayo matukio. Kwenye data za kipima-sumaku chake peke yake wamehesabu matukio 249 yanayoonyesha mistari imekatika na kuungana upya, na sehemu inapokatikia kwa wastani iko kama nusu-kipenyo 90 za Mshtarii kutoka kwenye sayari. (Nusu-kipenyo kimoja cha Mshtarii ni km 71,492. Nitatumia hicho kipimo mara nyingi kwa sababu km zinakuwa nyingi mno mpaka hazina maana.) Vilevile Galileo iliona chembe zenye nguvu zikipanda na kushuka kwa mtindo wa siku mbili tatu, mfumo unajaa, unamwaga, unajaa tena.

Lakini hesabu bado haifungi. Ukichukua plazmoidi zilizoonekana, ukubwa wake na idadi yake, ukajumlisha mzigo wanaouondoa, unapata kidogo kuliko ile tani moja kwa sekunde. Kidogo sana. Kwa hiyo ama kuna plazmoidi nyingi hatuzioni, ama ni kubwa kuliko tunavyodhani, ama kuna vipande vidogovidogo vinavyovuja muda wote, ama plazma inapenya pembeni kwenye mipaka ya mkia. Mimi naona jibu litakuwa mchanganyiko, ila kulithibitisha kunahitaji vipimo vingi kutoka ndani kabisa ya mkia, na hivyo ndivyo tulivyokosa.

New Horizons si ilikuwa inakwenda Pluto? Ilifikaje mkiani?

Ilikuwa inakwenda Pluto, ndiyo. Ilirushwa tarehe 19 Januari 2006, na ili isichelewe ilipitishwa karibu na Mshtarii ikope spidi kutoka kwenye mvutano wake. Tarehe 28 Februari 2007 ikapita umbali wa km milioni 2.3, ikaongezewa karibu km 4 kwa sekunde, na safari ya Pluto ikapungua miaka kadhaa. Pluto yenyewe ilifika 14 Julai 2015.

Sasa bahati iliyokuja na hiyo njia. Vyombo vingi vikishaipita Mshtarii vinapindwa kuelekea Zohali au kwingine, vinatoka mkiani kwa pembeni. New Horizons njia yake ya kwenda Pluto ilielekea nje, karibu sawasawa na mwelekeo wa mkia wenyewe. Kwa hiyo ikazama humo ikaendelea kushuka nao, Machi, Aprili, Mei, mpaka Juni 2007 ndo ikaenda kulazwa usingizi kwa mara ya kwanza kuokoa matumizi. Wakati huo ilikuwa imepita nusu-kipenyo 2,500, kama km milioni 178. Hapo ni mbali kuliko kutoka hapa Duniani mpaka kwenye Jua.

Ilipima kwa vifaa gani?

Viwili. Cha kwanza ni SWAP, kilichotengenezwa na taasisi ya Southwest Research Institute ya San Antonio, Texas, chini ya David McComas, chenyewe kinahesabu ioni za nishati ndogo. Cha pili ni PEPSSI cha maabara ya Applied Physics ya chuo cha Johns Hopkins, mkuu wake Ralph McNutt, hiki kinakamata chembe zenye nishati kubwa na kinaweza kutambua ni salfa, oksijeni au hidrojeni. Vyote viwili vilitengenezwa kwa ajili ya Pluto, huko ambako upepo wa Jua ni hafifu mno, ndo maana vilikuwa na uwezo wa kuhisi vitu vichache, na hiyo ilisaidia sana mkiani ambako plazma ni nyembamba kupita kiasi.

Kitu ambacho watu hawakitegemei: New Horizons haina kipima-sumaku. Kabisa. Chombo pekee kilichoteremka mkia wa sumaku hakikuweza kupima sumaku. Kilikuwa chombo chepesi cha kwenda Pluto na kila kilo ilihesabiwa, naelewa sababu, lakini maana yake ni kwamba kila tunaposema "hii ilikuwa plazmoidi" kwa data za 2007 tunasema kwa kuangalia chembe tu, zimeongezeka, zimepungua, zimekwenda kasi, bila kuona mistari ya sumaku imepindaje. Ndo maana kwenye ripoti zao wale wanasayansi waliandika kwa uangalifu, kwamba mabadiliko hayo "huenda" ni plazmoidi. Mtu akikuambia zilithibitishwa, amevuka mpaka wa data.

Sawa, walikuta nini huko chini?

Matokeo yalitoka kwenye jarida la Science, Oktoba 2007, na kwangu mimi ni kati ya ripoti nzuri zaidi za sayansi ya anga za miaka ile.

Karibu na nusu-kipenyo 100 plazma bado ni ya moto na bado ina tabia ya diski, inazunguka na sayari. Ukiendelea kushuka inabadilika, inakuwa mtiririko wa polepole zaidi lakini usiokoma, unaelekea nje kwa kufuata mkia. Na kadiri chombo kinavyozidi kwenda, vitu vinazidi kutotabirika. Kuna mahali idadi ya chembe inaanguka ghafla utafikiri umevuka ukuta, mahali pengine inapanda taratibu kwa siku nzima, kisha linakuja rundo zito linapita. Watu wengine walidhani ukifika mbali hivyo mkia utakuwa umetulia na kusambaa, kumbe hadi nusu-kipenyo 2,500 bado una maumbo makali.

Halafu kuna mitindo ya muda. Kwenye nusu-kipenyo 450 hivi, na tena kwenye 1,500 hivi, chembe zilipanda na kushuka kila baada ya saa 10. Saa 10 ni nini? Ni siku ya Mshtarii. Hebu tulieni hapo kidogo: 1,500 ni zaidi ya km milioni 100 kutoka kwenye sayari, na bado plazma ya huko inabeba alama ya mzunguko wa sayari iliyoiachilia. Na kati ya 600 na 1,000 spidi ya mtiririko ilibadilika kwa mtindo wa siku 3 hadi 4, ambao haukai mbali na ule wa siku mbili tatu wa Galileo. Hapo ndo panaponishawishi kwamba mfumo unajiendesha wenyewe, unajaa kwa mzigo wa Io na kumwaga kwa ratiba yake, hausubiri Jua liuamrishe. Anayepinga ana hoja pia, kwa sababu hapakuwa na chombo cha pili mbele ya Mshtarii wakati ule cha kupima upepo wa Jua unaoingia, kwa hiyo kuutoa kabisa kwenye hesabu haiwezekani.

La tatu, na hili ndo nalipenda kuliko yote, ni aina ya chembe. Salfa na oksijeni kutoka Io zilitegemewa, na zilikuwepo. Lakini SWAP ilikamata pia milipuko mikali ya protoni pamoja na ioni ya hidrojeni yenye atomi tatu zilizoshikana, kwa kemia inaandikwa H3+. Hiyo ioni Io haiwezi kuitoa. Inatengenezwa kwenye tabaka la juu la hewa ya Mshtarii yenyewe, ndo hiyohiyo inayong'aa kwenye picha za infraredi za aurora, yaani mianga ya kwenye ncha za Mshtarii. Kwa hiyo hewa ya sayari nayo inavuja, inapanda kwenye mistari ya sumaku na kuondoka kwa njia ya mkia.

Baada ya 1,600 hivi chombo kilianza kutoka na kuingia, mara kiko mkiani, mara kiko kwenye ala, yaani tabaka linaloufunika mkia kwa nje, la upepo wa Jua uliopunguzwa kasi na kupashwa moto pembeni, mara kimerudi ndani tena. Chombo chenyewe kilikuwa kinakwenda njia yake ileile, kinachosogea ni mkia, upepo wa Jua unausukuma huku na huku.

Io nayo iliangaliwa wakati huo?

Ndiyo, na wakati ulikuwa mzuri mno. Volkeno ya Tvashtar karibu na ncha ya kaskazini ya Io ilikuwa inalipuka, na New Horizons ilipiga picha moshi wake ukipanda karibu km 300 juu. Yaani chombo kilekile kilipiga picha chanzo, kisha miezi iliyofuata kikapita katikati ya kile kilichokuwa kinatoka. Ila msifunge hesabu haraka kwamba moshi ule wa Tvashtar ndo salfa ileile iliyopimwa mkiani Mei, kwa sababu plazma huchukua wiki kadhaa kusukumwa kutoka Io mpaka nje, na gesi nyingi inatoka kwenye hewa nyembamba inayoizunguka Io, haitoki moja kwa moja kwenye mdomo wa volkeno.

Kwa nini Galileo na Juno hawakwenda mbali hivyo?

Kwa sababu ni vyombo vya kuzunguka sayari, vina kamba ya mvutano, lazima virudi. Galileo kwenye safari zake ndefu zaidi upande wa usiku ilifika kama nusu-kipenyo 150. Tena ilifanya kazi hiyo yote ikiwa na antena yake kubwa imekataa kufunguka, ikituma data kwa antena ndogo kwa spidi ya kinyonga, na bado imetupa sehemu kubwa ya tunayojua.

Juno ilifika Julai 2016 na mizunguko yake ya mwanzo ilikuwa ya siku 53, ikifika mbali kama nusu-kipenyo 110. Ina kipima-sumaku kizuri sana pamoja na vifaa vya JADE na JEDI vya kupima chembe. Mwaka kwa mwaka njia yake ilisogea kutoka upande wa alfajiri kuelekea usiku, kwa hiyo ikatupa picha ya mkia wa karibu ambayo hatukuwa nayo.

Nikueleze kitu kimoja unachokiona ukifungua data za kipima-sumaku za eneo hilo. Sumaku ya Mshtarii imeinama kama nyuzi 10 kutoka kwenye mhimili wa mzunguko, kwa hiyo ile diski ya plazma nayo imeinama, na sayari ikizunguka diski inapigapiga juu na chini. Chombo kikiwa mbali karibu na usawa wa ikweta, diski inakipitia mara mbili kwa kila mzunguko. Kwenye grafu unaona mstari unaoonyesha sumaku ikielekea nje ya sayari, baada ya kama saa 5 unageuka kuelekea ndani, baada ya saa nyingine 5 unarudi, na kila unapokatiza sifuri idadi ya chembe inaruka juu. Ukitazama siku tatu nne za hiyo grafu unaweza kukadiria urefu wa siku ya Mshtarii kwa rula tu.

Huu mkia unaweza kutudhuru huku Duniani?

Hapana. Unaelekea nje, mbali na Jua, na sisi tuko upande wa ndani. Ila Mshtarii inatutumia kitu kingine, elektroni zenye nishati kubwa. Pioneer 10 ilipokaribia huko mwaka 1973 ilionekana wazi kwamba elektroni hizo zinatoka Mshtarii na kusambaa katika mfumo wa Jua, na idadi yake hapa kwetu inapanda na kushuka kwa mzunguko wa kama miezi 13, ambao ndo muda Dunia inaochukua kurudi kwenye nafasi ileile ikilinganishwa na Mshtarii. Hazina madhara kwetu.

Naweza kuona chochote kwa darubini yangu?

Mkia hapana. Mshtarii na miezi yake minne mikubwa ndiyo, hata kwa darubini ndogo ya mkononi ukiishika kwa utulivu. Io ndo ile inayokaa karibu zaidi na inayohama haraka, inamaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu, kwa hiyo ukiiangalia saa mbili usiku halafu saa sita usiku utaona imesogea.

Lile eneo la sumaku lingekuwa linawaka, lingeonekana kwenye anga letu pana zaidi ya mara mbili ya mwezi mpevu. Mkia wenyewe usingeuona vizuri hata hapo, kwa sababu Mshtarii inapokuwa karibu nasi usiku wa manane mkia unakuwa umejificha nyuma yake, tunautazama kwa mbele.

Kinachowezekana ni kusikiliza. Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin waligundua kwamba Mshtarii inatoa mawimbi ya redio, kwenye masafa ya megahezi 22. Mawimbi hayo yanatoka kwenye eneo la sumaku, na Io ina mkono wake humo. Kwa antena ya waya na redio nzuri ya masafa mafupi, kwenye kama megahezi 20, mahali pasipo na kelele za umeme, watu wanayapata majumbani kwao. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna shida ya Mshtarii kukaa chini kwenye upeo wa macho, inapanda juu kabisa.

Sayari nyingine kubwa je?

Zohali inao mkia na Cassini iliupima, ikiwa huko kuanzia 2004 mpaka 2017, ikakuta plazmoidi pia, mzigo ukitoka kwenye maji ya mwezi wa Enceladus. Uranus imetembelewa mara moja tu, na Voyager 2, Januari 1986. Sumaku yake imeinama nyuzi 59, kwa hiyo mkia wake unajisokota unavyozunguka. Na kuna jambo la kutia moyo hapo, mwaka 2019 Gina DiBraccio na Daniel Gershman walirudi kwenye zile data za zamani wakazisoma kwa vipande vifupi zaidi, wakakuta plazmoidi iliyopita kwa dakika moja tu. Miaka 33 ilikuwa imelala humo hakuna aliyeiona.

Kuna chombo kingine kinakwenda mkiani?

Kuna vyombo viwili njiani kwenda Mshtarii. JUICE cha shirika la anga la Ulaya kilirushwa Aprili 2023 na kinatarajiwa kufika Julai 2031, na Europa Clipper cha NASA kilirushwa Oktoba 2024, kufika ni Aprili 2030. Vyote vina vipima-sumaku na vifaa vya plazma, na vikiwa huko pamoja kimoja kinaweza kuwa nje kinapima upepo wa Jua huku kingine kiko ndani kinapima majibu yake, kama Galileo na Cassini walivyofanya kwa muda mfupi mwishoni mwa mwaka 2000. Hilo litasaidia kumaliza ule ubishi wa nani anaendesha nini.

Lakini hakuna kati yao kitakachoteremka mkia. Kazi yao ni miezi, Europa na Ganymede, na ni kazi kubwa, siidharau. Mimi ningependa sana chombo kinachokwenda Uranus au mbali zaidi kikipitia Mshtarii kipangiwe njia kama ya New Horizons, na safari hii kiwe na kipima-sumaku, hata kidogo. Hakitagharimu uzito mkubwa ukilinganisha na kitakachopatikana.

Data za New Horizons zinapatikana bure? Mimi ni mwanafunzi tu.

Bure kabisa, hulipii kitu. Ziko kwenye hifadhi ya NASA inayoitwa Planetary Data System, na za Galileo na Juno za plazma na sumaku ziko kwenye kitengo chake kilichopo chuo kikuu cha UCLA. Unahitaji intaneti, laptopu ya kawaida na Python. Ushauri wangu usianze na New Horizons, anza na kipima-sumaku cha Galileo, mafaili ni madogo na yanasomeka, chora siku chache za upande wa usiku uone ile diski ikipigapiga. Ukishazoea hapo nenda kwenye SWAP, chukua siku ambazo chombo kilikuwa kati ya nusu-kipenyo 600 na 1,000, na utafute mwenyewe ule mtindo wa siku 3 hadi 4. Utahangaika kidogo mwanzoni na vichwa vya mafaili na vipimo vya muda, soma kwanza yale maelezo yaliyoambatanishwa nayo, usiyaruke.